Shangazi, nimeiacha nafasi ya Mama wazi kwenye fomu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 27, mzaliwa wa Njombe, na tangu mwezi wa tatu niko Mwanza. Nimeajiriwa kuwa mratibu wa kikundi cha watu wanaojitolea kutunza ufukwe wa ziwa. Mwalo wetu sitautaja. Yatosha kusema uko Ilemela, ukiwa umeipita Igombe kama unaelekea Kayenze.

Kikundi kina watu kama 30: wachuuzi wa dagaa, wavuvi, vijana wa bodaboda, wanafunzi wawili watatu. Kila Jumamosi saa moja asubuhi tunakutana chini ya mwembe. Tunaokota chupa na vipande vya nyavu, tunang'oa magugu maji, tunakagua matete pale samaki wanapozalia. Ufukwe umegawanywa vipande tisa, na kila kipande kina watu wake. Mwisho wa mwezi mimi najaza fomu: taka kilo ngapi, matete yana hali gani, kuna shughuli gani ndani ya mita 60 kutoka majini. Katika wote hao ninayelipwa ni mimi peke yangu. Wao wanapata glovu, soda na andazi.

Siku ya kwanza nilifika na buti mpya za mpira, sijui hata nishike wapi. Aliyenipokea ni mama mmoja wa kipande cha saba, nimwite Mama Saba. Alinionyesha: gugu unalishika chini, pale majani yanapokutana na mizizi, unalitikisa mara tatu ndani ya maji ili visamaki vilivyojificha kwenye mizizi vibaki ziwani, ndipo unalitupa kwenye turubai. Nilipotaka kuyarundika hapo hapo mchangani akanishika mkono. "Mwanangu, hapo mawimbi ya usiku yatayarudisha. Itakuwa tumecheza tu." Chumba ninachopanga kanitafutia yeye. Wiki zangu mbili za kwanza nilikula kwake, ugali wa udaga na dagaa, na hakutaka hata nimnunulie mafuta ya kupikia. Kina mama karibu nusu ya kikundi wanakuja kwa sababu yeye anakuja.

Sasa, Shangazi, lile turubai la magugu linakwenda wapi? Linakwenda bustanini kwake. Anayaozesha, anapata mboji, analimia mchicha, nyanya na matuta machache ya kabeji. Mwezi wa nne nilipita na futi kamba kama fomu inavyotaka. Kutoka majini mpaka tuta lake la kwanza ni mita 19. Na mbele ya bustani matete yamefyekwa, pengo la kupita mtu na ndoo mbili, ili achote maji ya kumwagilia.

Kwenye fomu, mbele ya kipande cha saba, ile nafasi ya mita 60 niliiacha wazi. Mwezi wa tano nikaiacha wazi tena.

Ningeweza kuendelea hivyo kama si kijana mmoja wa kipande cha tatu. Mwaka jana, kabla sijafika, kikundi kilikwenda na watu wa serikali ya mtaa wakawaondoa watu wawili waliokuwa wanalima karibu na maji. Mmoja wao ni mama yake mzazi. Mahindi yaling'olewa yakiwa yamefika magotini. Kijana hakuacha kuja Jumamosi, jambo ambalo bado linanishangaza. Majuzi tunakunja turubai akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada Mratibu, hizi mita 60 zinachagua mtu?" Nilikosa jibu. Nikasema tutaongea.

Aliyenitangulia ni mwalimu mstaafu, ndiye aliyekianzisha kikundi kwa mikono yake kabla ya mradi kuja na fedha. Bado anakuja, anakaa kwenye jiwe, watu wote wanamsalimia yeye kwanza kisha mimi. Nimesoma madaftari yake ya nyuma. Kipande cha saba, kila mwezi, ameandika neno moja: "safi". Mwenyekiti wetu naye nilipomdokeza alinijibu, "Ukimgusa yule mama, Jumamosi utaokota chupa peke yako."

Mwisho wa mwezi huu natakiwa kupeleka ripoti ya robo mwaka, na mgeni kutoka kwa wafadhili atakuja kuutembea ufukwe wote. Mimi bado niko kwenye miezi sita ya majaribio. Nikimwandika Mama Saba, nimemlipa ubaya mtu aliyenipokea kama mwanawe. Nikimficha, yule kijana nitamtazamaje? Silali vizuri. Naomba ushauri wako.

Mratibu Mgeni, Ilemela

---

Marahaba mwanangu, na pole. Usingizi unaoukosa si dalili kwamba kazi imekushinda. Kuna watu wangeijaza fomu hiyo dakika mbili na kwenda zao, na wengine wangeandika "safi" bila kuinua macho.

Kama nimekuelewa, jambo lenyewe ni hili. Umekabidhiwa kikundi ambacho hukukianzisha, chenye makovu usiyoyajua yote. Mtu bora kuliko wote kikundini analima mahali ambapo wengine walikatazwa kulima. Watatu wanakuvuta: aliyekulisha, kijana ambaye mama yake alipoteza mahindi, na karatasi yenye sahihi yako. Unaniuliza umwandike au umfiche.

Kabla sijasema lolote nikuungamie kitu, ili ujue unashauriwa na nani. Mimi nimekulia Ukerewe. Mama yangu alilima mpunga bondeni kando ya maji, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye mpunga ule. Kwa hiyo bustani ya mwanamke kando ya ziwa siwezi kuitazama kwa jicho kavu. Nikionekana kumwegemea Mama Saba, hiyo ndiyo sababu.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya pili nilihesabu umezungumza na nani. Mwenyekiti umemdokeza. Kijana amekuuliza. Mwalimu umemsoma daftarini, ilhali yupo hapo kwenye jiwe kila Jumamosi. Na Mama Saba, ambaye umekula kwake wiki mbili nzima, sijaona mahali umemwuliza chochote kuhusu bustani. Umemkadiria moyoni: ataumia, ataondoka na kina mama wake, ataona umemlipa ubaya. Huenda ni kweli. Lakini mpaka sasa hayo ni maneno yako, uliyomwekea yeye mdomoni.

Tuanze na neno "safi". Ulipolisoma ulihisi Mwalimu alikuwa anaficha, nami nakuelewa. Ila jiulize yeye alikuwa anaandika kuhusu nini. Daftari lake lilikuwepo kabla ya mradi, na huenda kabla ya nafasi yoyote ya mita 60. "Safi" ya mtu anayeokota chupa inaweza kuwa na maana ya kwamba hakukuta chupa. Au labda alijua na akanyamaza, kwa sababu ambayo ingekusaidia sana kuisikia. Mstaafu anayekaa kwenye jiwe kila wiki na kusalimiwa wa kwanza pengine anangoja mtu amwulize kitu.

Halafu ile mita 60. Hapa naomba twende polepole, maana naona umeichukua kama ukuta, na sheria yenyewe imeandikwa kwa uangalifu zaidi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto, shughuli za kudumu, pamoja na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya ufukwe huo. Nyumba ya matofali, hapo hakuna mjadala. Matuta ya mchicha yanayohamishika? Mtu anaweza kubishana nawe. Pengo kwenye matete? Hapo mimi mwenyewe ningekosa cha kumtetea. Matete ndiyo yanayozuia tope la mvua lisiingie ziwani moja kwa moja, na ndiko vifaranga vya sato vinakojificha visiliwe. Anayepima uzito wa mambo hayo kisheria ni afisa mazingira wa halmashauri pamoja na serikali ya mtaa. Wewe ni mratibu wa watu wanaojitolea, kazi yako kwenye fomu ile ni kusema ulichokiona. Nadhani umekuwa ukiibeba kana kwamba kalamu yako ndiyo itakayong'oa kabeji.

Sitaki hata hivyo ujifariji haraka. Mwaka jana mtu aliandika au alisema jambo, na mahindi yaling'olewa. Wino na jembe havikuwa mbali.

Na mita 60 kutoka wapi? Wewe ulifika mwezi wa tatu, ufukwe unaoujua ni wa mwaka huu. Ziwa hili linasogea. Mwaka 2020 lilipanda likapita kiwango cha 1964 ambacho wazee walikuwa wanakisimulia kama ndicho kikomo, na kwenye mialo mingi maji yaliingia mabandani na majikoni. Mama Saba alianza kulima lini? Maji yalikuwa wapi siku hiyo? Inawezekana amelifuata ziwa, inawezekana ziwa limemfuata yeye. Mita 19 zitabaki 19, lakini anayezisoma atazielewa tofauti akijua historia yake.

Sasa turubai. Ni sehemu ya barua yako iliyonigusa kuliko zote, na sidhani uliiandika kwa bahati tu. Mama alikushika mkono akakwambia ukiyarundika hapo mawimbi yatayarudisha. Ni kweli tupu. Lakini mboji inayokaa mita 19 kutoka majini, kwenye udongo unaopigwa na mvua za masika, nayo inarudi, ila huioni ikirudi. Gugu maji linaishi kwa nitrojeni na fosforasi iliyomo majini, ile inayotoka kwenye vyoo vya mjini, kwenye mito kama Mirongo inayopita katikati ya watu, na kwenye mashamba yenye mbolea. Mnachokitoa Jumamosi kwa kilo, mvua inaweza kukirudisha kidogo kidogo kupitia pengo lile lile la matete. Kama juu ya mboji anaongeza mbolea ya dukani au anapulizia nyanya dawa, hapo ni zaidi. Je, anaongeza? Hujui, na ni swali rahisi kumwuliza mkulima, kwa sababu wakulima wanapenda kuulizwa wanalimaje.

Ninachokionyesha ni kwamba mnayo lugha ya pamoja tayari, na aliyekufundisha ni yeye. Kumwambia "Mama, sheria inasema" ni mazungumzo ya aina moja. Kumwambia "Mama, ulinifundisha kwamba kinachoachwa karibu na maji kinarudi, na mimi nimekuwa nikiiwazia mboji yetu" ni mazungumzo mengine kabisa. Yote mawili yanaweza kumwuma. La pili linamwachia heshima yake ya mwalimu wako.

Kuhusu kijana, nimemfikiria sana. Swali lake, "zinachagua mtu?", wewe umelisikia kama shtaka: mbona wa kwetu waliondolewa na huyu yupo. Ukilisikia hivyo tu, haki inabaki ya njia moja, kwamba Mama Saba naye aondolewe ili walingane. Lakini mtu anayeendelea kuja kila Jumamosi kukunja turubai pamoja na waliong'oa mahindi ya mama yake, je, anachokitaka ni kuona bustani ya pili ikifyekwa? Mimi sijui, nawe hujamwuliza. Pengine anataka mtu aseme waziwazi kwamba mama yake hakutendewa sawa. Walimpa muda avune? Alisikilizwa? Kuna aliyerudi nyumbani kwake baada ya siku ile, hata kumjulia hali tu? Kama hakuna, basi kidonda cha kikundi chako hakiko kipande cha saba pekee. Ulimwambia mtaongea. Ahadi hiyo ni ndogo, lakini anayeisubiri anahesabu Jumamosi.

Njia zilizo mbele yako naziona hivi, na hakuna hata moja isiyo na miiba.

Unaweza kujaza fomu kama ulivyopima na kunyamaza. Ni safi kwa upande wa karatasi. Hatari yake ni kwamba Mama atayasikia kwa mgeni mwenye kofia ya mradi, amesimama juu ya matuta yake, na atakumbuka kwamba ulikula kwake, kisha ukapima bila kumwambia. Kitakachomwuma hapo sidhani ni vipimo.

Unaweza kuiacha wazi mara ya tatu. Lakini nafasi iliyo wazi kwenye fomu nayo inasomeka, mwanangu, na mgeni atatembea kwa miguu, nyanya ataziona. Hapo utaulizwa wewe. Utakuwa umempa mwenyekiti kile anachokitaka, na kijana jibu ambalo hukukusudia kumpa.

Unaweza kwenda kwake kwanza, umweleze ulichopima na kwamba utakiandika, kisha ukiandike. Wengi wangeiona hii ndiyo njia ya kiungwana, na moyo wangu unaelekea huko, lakini usiichukue kama dawa ya kila kitu. Anaweza kulia. Anaweza kukwambia neno moja tu, "Nilikulisha", na utalibeba muda mrefu. Kina mama wanaweza wasitokee wiki tatu, na mwenyekiti akakuonyesha kwa kidole. Kuna pia uwezekano ambao hujauandika popote kwenye barua: kwamba anajua, amekuwa akingoja mtu aliseme, na ameshachoka kufika Jumamosi huku akiikwepa mada.

Unaweza kulipeleka kikaoni, kipande cha tatu na cha saba kwa pamoja, kikundi kiamue utaratibu mmoja kwa wote kabla mgeni hajafika. Uzuri wake ni kwamba mzigo unatoka mabegani mwako. Ubaya ni kwamba ukilipeleka kabla ya kuongea naye, umemweka mtu mzima hadharani bila kumwandaa, na kwa watu wetu hilo halisahauliki upesi.

Na kuna njia ya katikati: shimo la mboji lipande juu kabisa, matuta ya chini yaachwe, matete yarudi kwenye lile pengo, maji yachotwe pale kwenye njia ya kila mtu. Inavutia, nami naipenda. Ila wewe huna mamlaka ya kumwambia mtu yeyote "hapa endelea, hapa acha". Mkikubaliana wawili tu, kesho itaitwa mpango wa siri kati ya mratibu na rafiki yake. Ingehitaji afisa mazingira aione, na aione pamoja na mama yake kijana, ambaye hakupewa nafasi ya kujadili shimo wala tuta.

Habari ya miezi ya majaribio sitaikalia sana. Ni riziki yako, siidharau. Ila angalia ukweli huu ambao wewe mwenyewe umeuandika: katika watu wote hao anayelipwa ni wewe. Mambo yakiharibika, wewe unaweza kutafuta kazi nyingine au kurudi Njombe. Mama Saba atabaki pale pale na kipande chake cha saba, na kijana na cha tatu, wakitazamana kila Jumamosi. Ndiyo maana nadhani wanastahili kuwa ndani ya uamuzi huu mapema kuliko unavyopanga, hata kama mwisho wake fomu itajazwa kwa mita zile zile 19.

Ukiamua kwenda kwa Mama, watu wa bustani wengi humwagilia jioni jua likishapoa. Daftari la mradi liache chumbani. Chukua ndoo moja, mchote naye, na ukiona moyo umetulia mwombe mshike futi kamba pamoja, yeye upande wa maji, wewe upande wa tuta. Kwa mama yake kijana pia kuna njia, na huko kwa vyovyote utahitaji kwenda, iwe kabla au baada. Kisha niandikie. Nataka kujua alianza kulima mwaka gani, na Mwalimu alikuwa na maana gani aliposema "safi".

Shangazi yako